Nyuma ya Nyumba za Goo-Motsumi

Kelebonye alikuwa mtu wa kuangalia. Asubuhi, akikaanga magwinya, maandazi ya kwao, kando ya barabara ya lami, jicho moja lilikuwa kwenye mafuta na la pili kwa wapita njia: mtoto wa nani anakohoa, binti wa nani kashushwa na gari la nani, nani leo kapita bila salamu. Hakuwa mmbea. Alichokiona alikimeza, kikamsumbua yeye mwenyewe tumboni. Wenzake walimwita Mma-Boitshepo kwa jina la mtoto wake wa pekee, na walimtania kwamba mbwa akibweka kijiji cha pili, yeye huku anafunga milango.

Alikuja Goo-Motsumi akiwa bi harusi, darasa la nne kichwani na sanduku la bati mkononi. Mumewe, Tshenolo, alifanya kazi migodini ng'ambo ya mpaka, akarudi na kifua kibovu, akafa, akamwachia ua mkubwa na mtoto wa kike aliyekuwa hajaota meno ya mbele kwa mara ya pili. Kwa magwinya Kelebonye alimsomesha mtoto huyo. Walioyala wengi hawakujua kwamba walikuwa wanajenga afisa.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Boitshepo alisoma nyumbani, akasoma ng'ambo, akarudi kuajiriwa na halmashauri kama afisa mipango miji. Na kazi yake ya kwanza kubwa ikawa Goo-Motsumi, kata alikozaliwa.

Kata yenyewe ilipangwa na wazee wa zamani kwa umbo la kwato la farasi. Nyua zote zinatazama kgotla, yaani uwanja wa baraza, na zizi la ng'ombe lililo katikati. Migongo ya nyumba inatazama kilima. Vijia kati ya ua na ua ni vyembamba, vya mtu na mbuzi wake. Zamani ilitosha. Lakini siku hizi zizi ni tupu, ng'ombe wako mbali malishoni, na vijana hawataki kulima. Kila ua una vyumba vya wapangaji wanaokwenda kazini Gaborone na kurudi jioni, na magari yao hulala barabarani kama yatima. Kipupwe kilichopita mzee mmoja, Rra-Oduetse, aliugua ghafla. Gari la wagonjwa likakwama kwenye lami, wakambeba kwa toroli la zege, akafa kabla hawajalifikia. Tangu hapo watu wenyewe walidai barabara, wanawake kwa wanaume.

Siku Boitshepo alipokuja kuwasomea mpango wake, Kelebonye alivaa shali yake nzuri na kitambaa cha kichwa kipya. Aliketi mkekani na wanawake wenzake, wanaume wako kwenye viti vyao walivyovibeba kutoka nyumbani. Boitshepo alishuka garini akiwa amefunga sketi juu ya suruali yake, kwa sababu kgotla haiingiwi na mwanamke aliyevaa suruali, na mama yake akashusha pumzi. Angalau hilo hakulisahau.

Ramani ilibandikwa ubavuni mwa gari.

"Wazee wangu," Boitshepo alisema, "mara ya kwanza nilipitisha barabara huku mbele, kwenye zizi. Mkaniambia baba zenu wamezikwa humo."

"Wamo!" wanaume wakaitikia.

"Nimewasikia. Kwa hiyo nimeihamisha. Itapita nyuma ya nyumba, upande wa kilima. Kila ua utatoa ukanda mwembamba. Nimewauliza wenye nyumba mmoja mmoja kuna nini huko, wamesema hakuna kitu. Na mimi mwenyewe nimezaliwa hapa, nimecheza nyuma ya nyumba hizi. Huko nyuma hakuna kitu."

"Pula!" wanaume wakapaza sauti. Mvua na inyeshe, yaani wamekubali.

Wanawake hawakupiga vigelegele. Walitazama vidole vya miguu yao. Kisha, mmoja baada ya mwingine, macho yao yakainuka na kutua, si kwa yule aliyesimama mbele ya ramani, bali kwa Kelebonye. Uso ukamshuka. Shali ikawa nzito kama blanketi lililolowa.

Kwa sababu huko nyuma kulikuwa na kitu.

Katika Goo-Motsumi, mwanamke akijifungua, gogo hulazwa mlangoni pa nyumba yake, na mwanamume haliruki mpaka siku zitimie. Ndani ya nyumba hiyo wanawake wakubwa humfundisha mzazi mambo ambayo hayasemwi nje. Mojawapo ni hili: mtoto aliyetoka bila kulia hapelekwi makaburini. Nkuku Gasebone, bibi aliyezalisha nusu ya kata, humtia kwenye chungu na kumzika nyuma ya nyumba, chini ya mchirizi wa paa la nyasi, mahali matone yanapodondokea na udongo haukauki. Akipigwa na jua, ardhi hupata joto na mvua hukimbia. Wanaume hawaambiwi. Wao huona gogo limeondolewa mapema, wakaelewa, wakanyamaza.

Mapaa ya nyasi yalikwisha kuanguka, yakaja mabati. Wanawake wakaanza kuzalia hospitali. Lakini waliolala nyuma walikuwa bado wamelala, nyumba kwa nyumba, kuufuata upinde wote wa kata, pale pale penye mstari wa Boitshepo. Na mmoja wao alikuwa mtoto wa kwanza wa Kelebonye.

Boitshepo akiwa mdogo aliwahi kuchimba hapo kwa kijiko cha bati, anapikia wanasesere. Kelebonye alimpiga mkono mpaka kijiko kikaruka.

"Hapa kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu! Toka!"

Angemwambia siku yake ikifika. Gogo likilazwa mlangoni pake, angekaa naye ndani na kumwambia yote, kama yeye alivyoambiwa. Sasa Boitshepo alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mtoto, na gogo halikulazwa.

Kesho yake Mma-Oduetse, mjane wa yule mzee wa toroli, alikuja kwenye magwinya kabla hata mafuta hayajachemka.

"Nipe manne," akasema. "Na unipe na mwanao nimtie akili."

"Mma, tafadhali. Watu wanasikia."

"Wasikie! Jana hawakusikia? 'Nimezaliwa hapa, hakuna kitu.' Mimi wangu ni wawili huko. Wawili, Mma-Boitshepo. Hao ndio hakuna kitu?"

"Si wewe uliyelilia barabara?"

"Naililia hata sasa. Mzee wangu alikufa akitazama mawingu kama mfuko wa saruji. Naitaka. Lakini sikusema ipite tumboni mwangu." Akachukua magwinya, akayapuliza. "Mwambie."

"Mwambie wewe. Una mdomo."

"Mimi? Nimpeleke ndani mtoto wa mwenzangu, tena ambaye hajazaa? Halafu mseme nimemfunga kizazi? Wewe ndiye uliyemsomesha mpaka akajua dunia nzima isipokuwa ua wake. Malizia kazi."

Hilo la mwisho lilimwingia Kelebonye kama mwiba wa mgunga. Miaka yote alikuwa akijigamba, si kwa sauti kubwa, lakini watu walisikia: wa kwangu ana vitabu. Siku hiyo aliunguza magwinya ya kwanza na ya pili.

Jumapili Boitshepo alikuja kula. Kelebonye alimwandalia bogobe, ugali wa mtama, na mboga za majani, akakaa akimtazama anavyotafuna.

"Huko nyuma," akaanza, "kuna nyoka wengi."

"Katapila litawafukuza."

"Na udongo wake si mzuri. Unatitia."

"Tumeupima, mama. Ni mzuri kuliko wa mbele."

"Lakini..."

Boitshepo aliweka bakuli chini. "Mama, unajua wiki hii nimeambiwa hayo na wanawake wangapi? Huyu ana nyoka, yule ana mti wa dawa, mwingine eti anaota ndoto mbaya. Nikiuliza kuna nini hasa, kimya. Waume wao wanasema hakuna kitu. Nimwamini nani? Kila mtu anataka barabara ipite kwa jirani. Sikudhani na wewe."

"Mimi sijasema ipite kwa jirani."

"Watu wamebadilika, mama. Wana magari, wana wapangaji, wazee wanaugua peke yao majumbani. Kazi yangu ni kuwafungulia njia waweze kuishi. Sasa niende ofisini niseme nimehamisha mstari kwa sababu mama yangu anaogopa nyoka? Watanicheka. Watasema ndiyo maana mtu hapewi kazi ya kijijini kwake."

Maneno yalikuwa yamemfika Kelebonye kwenye ulimi. Alimtazama binti yake, mikono yake laini, mkanda wake uliokaza kiuno chembamba, na akawaza: nikisema hili, nimemwambia kwamba siamini tena atazaa. Nimemwambia hivyo kwa kinywa changu, mimi mama yake.

"Kula," akasema. "Kinapoa."

Akaona aibu hapo hapo, kabla hata mtoto hajainua bakuli. Aliijua ladha yake, ni kama maziwa yaliyoanza kuharibika: unameza huku unajua.

Vigingi vilipigwa. Katapila lilipofika, lilianzia mwanzo wa kwato, nyuma ya ua wa Mma-Oduetse. Wanawake walisimama karibu na ukuta wakiwa wamevaa shali ingawa jua lilikuwa kali, kama watu waliokuja msibani wakakuta hakuna aliyewatangazia. Kelebonye alisimama nao. Alijiambia: likigusa udongo tu, nitapiga kelele. Likagusa udongo. Alijiambia: likifika pale penye jiwe. Likapita jiwe. Kila mwanamke alikuwa anamngoja yeye.

Kijiko cha katapila kilipoinuka mara nyingine, kulikuwa na kigae cheusi kimening'inia kwenye meno yake, na chini shimoni nusu ya chungu kidogo, mdomo wazi, ukitazama juu.

Dereva alizima mashine. Alikuwa mtu mzima. Alivua kofia, akashuka upande wa pili, akaenda zake kusimama mbali kabisa, kageuza mgongo.

"Jua! Zibeni jua!" Nkuku Gasebone alipenya kati yao kwa fimbo yake, akavua shali, akaitupa juu ya shimo. Mma-Oduetse alikuwa ameketi chini bila mkeka, mikono kichwani.

Boitshepo alikuja mbio na kizibao chake cha njano. "Nini? Nani ameumia? Ni chungu cha nani hicho?"

Akamgeukia bibi.

"Nkuku, ni nini?"

Bibi alimkazia macho. "Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa nini?"

Bibi aligeuka, akamtafuta Kelebonye kati ya wanawake, akampata. Hakumsema. Alitikisa kichwa tu, polepole, kama anavyotikisa mtu aliyekuta mtungi umevuja wote. Kisha akamshika Boitshepo mkono, akampeleka nyuma ya ukuta, na huko wakakaa muda.

Boitshepo aliporudi, alimtazama mama yake kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishiwa upande mwingine. Hakumsalimu. Alimwambia dereva aondoe mashine, akang'oa kigingi cha kwanza kwa mikono yake mwenyewe, halafu cha pili.

Katapila lililokodiwa halikai bure bila watu kuuliza. Kgosana Sebotsa, mkuu wa kata, aliita kgotla tena. Safari hii wanaume walikuja wamekunja nyuso. Boitshepo alisimama bila ramani.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilisema huko nyuma hakuna kitu. Sikuuliza inavyopasa. Nilimwuliza mwenye nyumba, na kila mwenye nyumba niliyemwandika ni mwanamume. Barabara haitapita nyuma. Nitaanza upya."

"Kwa nini isipite?" Kgosana aliuliza.

"Siwezi kusema, Rra. Nimeapishwa."

Minong'ono ikapanda. Rra-Ketshabile, mgane mwenye sauti kubwa na mdomo usio na mlango, akainuka na kiti chake.

"Kgosana, tuelezwe. Mtoto kapelekwa ng'ambo kwa ndege, karudi hawezi kupiga mstari! Mara mbele, mara nyuma. Kesho itapita juu ya mabati." Watu wakacheka. Akaona wamecheka, akaongeza: "Mwozesheni kwanza. Akikaa nyumbani kwake, labda na mstari utanyooka."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Boitshepo hakuinamisha kichwa. Alikuwa amesimama tu, mikono nyuma, amekubali kupigwa kwa kitu ambacho angeweza kukimaliza kwa neno moja. Alikuwa anawafunika wote, pamoja na mama yake.

Kelebonye hakukumbuka kuinuka. Alijikuta kasimama, na Mma-Oduetse anamvuta sketi.

"Kaa chini," Mma-Oduetse alinong'ona. "Unatuvua nguo."

"Kgosana," Kelebonye alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Kosa si lake. Mimi ndiye niliyemwambia huko nyuma hakuna kitu. Alipokuwa mtoto nilimwambia, na juzi anakula mezani kwangu sikumrekebisha. Nilijua. Nilisimama hapo nikatazama katapila linachimba, nikijua."

"Ulijua nini, Mma?"

"Watoto wetu wako huko. Wale ambao hawakulia. Kila nyumba. Ndipo tulipowaweka, kwenye kivuli cha paa, wasipatwe na jua. Nyinyi mlisema baba zenu wako zizini, na mstari ukahama. Sisi hatukusema."

Mzee mmoja alikunja kiti chake taratibu na kuondoka. Wanaume wengine waligundua ghafla kwamba viatu vyao vina vumbi.

"Mma-Boitshepo," Kgosana alisema, si kwa ukali, "haya ni maneno ya kgotla?"

"Hayakuwa, Rra. Barabara ndiyo imeyaleta hapa."

Aliendelea kusimama. Aliona aibu kuanzia kisogoni mpaka kwenye nyayo, mbele ya wanaume kwa kusema, mbele ya wanawake kwa kusema baada ya chungu cha mwenzao kuvunjika. Alingoja mwanamke yeyote ainuke pamoja naye. Hakuinuka hata mmoja. Mma-Oduetse alikuwa ameachia sketi yake, lakini hakumtazama.

"Mma," Boitshepo alisema kutoka mbele, kwa sauti ya kazi, kama anavyomwuliza mwananchi yeyote. "Basi barabara ipite wapi?"

"Sijui," Kelebonye akajibu. "Mtu asife tena kwenye toroli. Na wale wasikanyagwe. Zaidi ya hapo sijui."

Ndipo Rra-Ketshabile, aliyekuwa bado amesimama na kicheko chake kimemfia mdomoni, alipogeuka kuelekea kwenye mikeka. Wazee walikumbuka baadaye kwamba kwake gogo liliwahi kuondolewa mapema, zamani, mkewe akiwa hai.

"Nkuku Gasebone," akasema, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema chini hivyo. "Kwangu... yuko upande gani?"

"Wa mashariki," bibi akamjibu. "Karibu na ukuta. Amelala vizuri, kaa chini."

Rra-Ketshabile akakaa. Kgosana akasema mambo ya zizi yatazamwe tena, kama kuna ukingo ambao barabara inaweza kupita bila kuwaamsha wazee. Na kama haupo, wazee wenyewe wataombwa wasogee. Wanaume wawili walinung'unika, lakini chini chini. Baraza likafungwa. Hakuna aliyepaza sauti ya "Pula".

Boitshepo alikuwa garini, anafungua ile sketi ya kgotla na kuikunja. Kelebonye alimwendea, akasimama hatua chache kutoka kwake, hajui kama anaruhusiwa kusogea.

"Ungeniambia," Boitshepo alisema bila kugeuka.

"Ningekuambia. Ukizaa. Ndivyo tunavyoambiana."

Boitshepo aliikunja sketi mara ya pili, ikawa ndogo sana, akaiweka kwenye kiti. "Na nisipozaa?"

Wanawake walikuwa wanapita na mikeka yao kichwani. Masikio yalikuwa wazi, jua lilikuwa kali, wanaume walikuwa bado wanajadiliana hapo karibu. Hapakuwa mahali pa kusema jambo kama hilo, na Kelebonye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Uso wake ulikuwa unawaka.

"Alikuwa wa kiume," akasema. "Alikuwa na nywele nyingi. Nkuku aliniruhusu nimshike kidogo."

Boitshepo akageuka.

"Endelea, mama," akasema.

Na Kelebonye, amesimama pale pale uwanjani, akaendelea.